Mashine inaieleza saa ya Kiswahili vizuri, lakini inakosea kuitumia. Kasoro iko kwenye lugha au kwenye fikra?

Muuza dawa, Kariakoo (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba mnisaidie katika jambo lililoninyima raha kwa wiki mbili sasa, ambalo naamini halihusu duka letu peke yake.

Ninafanya kazi katika duka la dawa hapa Kariakoo. Baadhi ya dawa huja na karatasi za maelekezo zilizoandikwa kwa Kiingereza tu, na tangu mwaka jana nimekuwa nikitumia programu ya akili mnemba kuyageuza maelekezo hayo kuwa Kiswahili, kisha nayachapa na kumkabidhi mteja pamoja na dawa yake. Kiswahili cha programu hiyo ni kizuri kwa kweli. Ngeli haikosei, nafsi haichanganyi, na mara nyingine huchagua neno safi kuliko ambalo ningelichagua mwenyewe. Ndiyo maana nilianza kuyapitia maandishi yake juu juu.

Siku moja alikuja bibi mmoja wa Buguruni, mwenye umri wa zaidi ya miaka 70, akiwa na cheti cha antibayotiki ya kumeza kutwa mara mbili. Karatasi ya Kiingereza ilishauri kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku, na saa zote mbili zilitajwa kwa tarakimu 8. Programu ikaandika: "Meza kidonge kimoja saa nane asubuhi na kimoja saa nane usiku." Nikachapa, nikabandika kwenye boksi, nikampa. Bibi alirudi baada ya siku nne. Hakuja kulalamika, alikuja kuuliza kama inaruhusiwa kuisogeza dozi ya usiku, kwa sababu mjukuu wake anayemwamsha saa nane za usiku yuko kwenye mitihani na ameanza kusinzia darasani. Ama ile "saa nane asubuhi", ambayo haipo, walikaa nyumbani wakashauriana na kukubaliana kwamba bila shaka ni saa nane mchana. Ni bahati tu kwamba nafasi kati ya dozi na dozi ilibaki kuwa saa 12, kwa hiyo tiba haikuharibika. Lakini nilipomtazama akiifungua ile karatasi, iliyokunjwa mara nne na kulainika kwenye mikunjo kama noti iliyozeeka, akaliwekea kidole neno "nane" na kuniuliza kama amelisoma sawasawa, niliona aibu kubwa.

Jioni ile niliiuliza programu saa za Kiswahili zinahesabiwaje. Ilijibu kama mwalimu: kwamba hesabu ya mchana huanzia kwenye mapambazuko na ya usiku huanzia magharibi, kwamba saa moja asubuhi ni saa 7 ya Kiingereza, kwamba tofauti ni saa sita, na ikatoa mifano ambayo yote ilikuwa sahihi. Nikaipa karatasi ileile katika mazungumzo yaleyale, ikaandika "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku" bila wasiwasi. Kesho yake nikafungua mazungumzo mapya, nikaipa karatasi ya dawa nyingine, ikarudia kosa lilelile.

Swali langu ni hili. Kitu kinachoweza kuieleza kanuni kwa ufasaha wa namna ile kinashindwaje kuitumia? Mwanafunzi akiwa hivyo tunasema amekariri, hajaelewa. Je, mashine hii inafikiri kwa Kiingereza, kisha inakivaa Kiswahili kama kanzu ya sikukuu? Au neno "kufikiri" halifai kabisa kutumika hapa? Ningependa kusikia kutoka kwa wenye ujuzi wa kompyuta na pia kwa wenye ujuzi wa lugha.

Mwanafunzi wa kompyuta, Ubungo

Pole sana, dada, na pole nyingi kwa bibi na mjukuu wake. Ninasoma shahada ya uzamili na kazi yangu ni kupima jinsi modeli za lugha, yaani mashine zinazoendesha programu kama hiyo yako, zinavyokitumia Kiswahili, kwa hiyo nitajibu upande ninaoufahamu.

Modeli ya lugha hufunzwa kwanza kwa kazi moja tu: ikipewa maandishi yaliyotangulia, ikisie kipande kinachofuata. Vipande hivyo tunaviita tokeni, na havilingani na viambishi tulivyofundishwa shuleni. Neno "nitakukumbusha", ambalo mwalimu angelichanganua kuwa ni-ta-ku-kumbush-a, mashine yaweza kulikata mahali pasipo na maana yoyote ya kisarufi, kwa sababu ukataji hufuata herufi zinazoonekana pamoja mara nyingi katika maandishi ya kufundishia, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza. Cha ajabu ni kwamba, pamoja na ukataji huo mbovu, ngeli inazipata. Inazipata kwa wingi wa mifano. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilifunzwa kwa tokeni zipatazo bilioni 300, ilhali mashindano ya kitaaluma ya BabyLM, yaliyoanza mwaka 2023, huwataka washiriki wafunze modeli kwa maneno yasiyozidi milioni 100, kiasi kinachokadiriwa kutozidi maneno ambayo mtoto huwa ameyasikia hadi kukaribia utu uzima. Mtoto wa Manzese hupata lugha kamili kwa sehemu ndogo mno ya kiasi kinachopewa modeli kubwa.

Sasa tuje kwenye saa. Tarakimu 8 haina lugha. Imo katika maandishi yote ya dunia ikiwa na sura ileile, na katika Kiswahili inaambatana na neno "nane" karibu kila mahali: kwenye bei, kwenye umri, kwenye namba za nyumba, kwenye sikukuu ya Nane Nane ya tarehe 8 Agosti. Ni kwenye saa peke yake ambapo 8 ya Kiingereza haina budi kuwa "mbili". Kwa hiyo mvuto wa kwenda kwenye "nane" ni mkubwa sana, na mifano ya kuupinga ni michache. Tena mifano yenyewe inagongana. Barua ya mwaliko wa kikao ikiandikwa "saa 2:00 asubuhi", kila mtu hapa Dar es Salaam anajua afike lini. Hoteli iliyo mtaa wa pili huandika 8:00 kwa maana ya wakati uleule. Sisi hatupotei kwa sababu tunajua nani anaandika na anamwandikia nani.

Lipo na jambo la tatu, ambalo ndilo linalonitia hofu zaidi. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba, kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, sehemu kubwa ya maandishi hayo imetafsiriwa na mashine. Maana yake ni kwamba "saa nane asubuhi" iliyoandikwa na mashine ya jana inaweza kuwa somo la mashine ya kesho.

Kuhusu kanzu ya sikukuu, swali lako limeshafanyiwa kazi. Mwaka 2024 watafiti wa EPFL, chuo kikuu kilichoko Lausanne nchini Uswisi, walichungulia ndani ya modeli ya Llama 2, ambayo karibu asilimia 90 ya maandishi yaliyoifunza ni ya Kiingereza. Modeli hizi zina tabaka nyingi, na maandishi hupita tabaka moja baada ya nyingine kabla ya jibu kutoka. Walipoitaka itafsiri neno la Kifaransa kwenda Kichina, waliona kwamba katika tabaka za katikati neno lililopata uzito mkubwa lilikuwa la Kiingereza, na lile la Kichina lilishika nafasi mwishoni tu. Hata hivyo hawakutamka kwamba modeli inafikiri kwa Kiingereza. Walisema huenda katikati kuna uwanja wa dhana zisizo za lugha yoyote, ila uwanja wenyewe umekaa karibu zaidi na Kiingereza kuliko lugha nyingine. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kuisikia lakini ni kubwa kwa maana.

Na kwa nini ilisahihisha mara ya kwanza kisha ikasahau? Kuieleza kanuni ni maandishi ya aina moja, yale ya kuwafundisha wageni Kiswahili. Kutafsiri karatasi ya dawa ni maandishi ya aina nyingine. Maelezo yalipokuwa hapo juu katika mazungumzo, yalivuta jibu upande wake. Mazungumzo mapya huanza na modeli ileile ya awali, kwa sababu mlichozungumza jana hakikubadilisha chochote ndani yake. Hicho si kusahau, maana hakikuwahi kuingia.

Muuguzi, Kinondoni

Naomba nitangulize la wagonjwa. Sisi tunaandika 1 x 2, yaani kidonge kimoja kutwa mara mbili, na saa tunazipanga kwa mdomo: "Mama, chai unakunywa saa ngapi? Kulala saa ngapi?" Kisha mgonjwa arudie kwa maneno yake mwenyewe kabla hajaondoka. Asiporudia, hatujui amesikia nini. Dada, hata karatasi ikiandikwa na binadamu, mwambie mteja arudie.

Mwalimu wa Kiswahili, Temeke

Nimesoma maelezo ya mwanafunzi kwa faida kubwa, lakini naona tusikimbilie kumtofautisha binadamu na mashine kabla ya kujitazama wenyewe.

Simu iliyo mkononi mwa kila mtu hapa mjini inaonyesha 20:00, na mwenye simu anatamka "saa mbili" pasipo kujua kwamba ametoa hesabu. Sisi tuliokua na saa za mishale tulifundishwa kusoma namba iliyo mkabala na mshale mfupi: mshale uko kwenye 8, jicho linavuka uso wa saa na kutua kwenye 2. Nimewahi kumwona mzee akinyoosha kidole juu ya kioo cha saa yake, kikapita katikati kama mtu anayevuka barabara, ndipo akataja saa. Nasi basi tunabeba mifumo miwili kichwani na kuvuka kutoka mmoja hadi mwingine. Watoto wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza hukosea kama ilivyokosea programu yako. Mwanafunzi wangu mmoja alialikwa arusi ya saa nne usiku akasubiri nyumbani hadi karibu na alfajiri. Lakini alikosea mara moja tu. Aliikosa arusi ya binamu yake, na kosa likabaki ndani yake. Hapo ndipo ninapokubaliana na mwanafunzi: kwa mashine, kosa halimgharimu mkosaji.

Kuhusu lugha na fikra, elimu ya ubongo ina la kutuambia. Tangu daktari Mfaransa Paul Broca alipoeleza mwaka 1861 habari ya mgonjwa wake wa Paris, aliyekuwa akitamka silabi moja tu, "tan", imejulikana kwamba lugha inaweza kuharibika peke yake. Mwaka 2005 Rosemary Varley na wenzake nchini Uingereza walichapisha uchunguzi wa wanaume watatu waliopoteza sarufi kwa kiasi kikubwa kutokana na madhara ya ubongo. Hawakuweza kupambanua nani amemfanya nani nini katika sentensi, lakini waliweza kutoa na kugawanya, na walijua kwamba kutoa kumi katika tano si sawa na kutoa tano katika kumi. Evelina Fedorenko wa chuo kikuu cha MIT, nchini Marekani, ametumia miaka mingi kupiga picha za ubongo wa watu wanaosoma, wanaohesabu na wanaotatua mafumbo, na matokeo yake yanaonyesha kwamba maeneo ya lugha hutulia kiasi kikubwa mtu anapohesabu. Mwaka 2024 yeye na wenzake wawili walitetea waziwazi, katika jarida la Nature, kwamba lugha ni chombo cha mawasiliano kuliko kuwa chombo cha kufikiria.

Mwaka huohuo Fedorenko na kundi jingine la watafiti walizigeukia modeli za lugha kwa mizani hiyohiyo. Walitenganisha ustadi wa umbo, yaani kujua sentensi inavyojengwa, na ustadi wa matumizi, yaani kuitumia lugha kufanya mambo duniani: kukisia nia ya msemaji, kuhesabu, kujua vitu vilivyo. Walisema modeli zina ustadi wa kwanza kwa kiwango cha juu, na wa pili kwa kuyumbayumba. Karatasi ya bibi ni mfano halisi. "Meza kidonge kimoja saa nane asubuhi" ni sentensi isiyo na doa. Upatanisho wa kisarufi uko sawa, mpangilio uko sawa, ila imetaja saa ambayo haijawahi kufika katika mji huu.

Kisha tazameni walichofanya watu wa Buguruni. Walikuta sentensi yenye saa isiyokuwepo, wakaitilia shaka sentensi, hawakuishuku siku. Waliupima mchana wao, wakaona saa nane imo mchana, wakaamua mwandishi alikusudia hivyo. Jibu lao halikuwa sahihi, lakini njia waliyopita ndiyo ninayoiita kufikiri. Programu iliandika "saa nane asubuhi" na hakukuwa na kitu ndani yake cha kushtuka. Kwangu mimi jibu la swali lako limo katika kushtuka huko.

Lakini sitaki kuitenga lugha na fikra kupita kiasi. Watafiti waliokwenda kwa Wapirahã wa Amazonia, nchini Brazili, ambao lugha yao haina maneno ya kuhesabia namba kamili, waliripoti mwaka 2008 kwamba watu hao hulinganisha vitu vizuri vikiwa mbele ya macho, kimoja kwa kimoja, ila hukosea vinapofichwa na kumbukumbu ikahitajika. Neno la namba, kwa maoni yao, ni kama zana: halimpi mtu akili, bali humsaidia kushika hesabu asiyoiona tena. Saa yetu nayo ni zana ya namna hiyo, iliyochongwa na watu wanaoishi karibu na ikweta, ambako jua halitangi sana kati ya mwezi na mwezi, na kwa hiyo kuhesabu kuanzia mapambazuko kuna faida. Anayeishi London hawezi kuitumia, maana jua lake la Desemba si la Juni. Na ndani ya Kiswahili chenyewe kuna tabaka jingine: kwa wazee wengi wa pwani, "usiku wa Ijumaa" ni usiku unaoingia baada ya magharibi ya Alhamisi. Nikisema "njoo usiku wa Ijumaa", ni lazima ujue umri wangu na nilikolelewa kabla hujajua nimekuita lini. Hilo sijaona mashine ikiliuliza. Vijana wengi nao hawaulizi, na napenda wajifunze.

Mkalimani, Upanga

Mwalimu amenikumbusha hoja mbili za zamani ambazo muuliza swali huenda zikamfaa. Mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alipendekeza mwaka 1950 kwamba badala ya kuuliza kama mashine inafikiri, tuulize kama hakimu anayesoma majibu yaliyochapwa anaweza kuitambua kuwa si mtu. Mwanafalsafa Mmarekani John Searle akajibu mwaka 1980 kwa mfano wa mtu aliyefungiwa chumbani na kitabu cha kanuni, anayepokea maandishi ya Kichina na kutoa majibu sahihi ya Kichina bila kuelewa hata neno moja.

Nimefanya ukalimani kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nilikuwa upande wa Searle. Kisa hiki kimenifanya nione upungufu wa hoja zote mbili. Hakimu wa Turing anasoma tu. Hana dawa ya kumeza. Chumba cha Searle hakikosei kamwe, kwa hiyo hakituambii lolote kuhusu aina za makosa, ilhali aina ya kosa ndiyo inayoonyesha mkosaji yukoje. Mkalimani aliyechoka hukosea upatanisho wa ngeli, hurudia neno, huacha kishazi. Saa ya kikao haikosei, kwa kuwa yeye mwenyewe atapanda daladala kwenda huko. Programu hii inakosea kinyumenyume chetu. Ndugu mwanafunzi, naomba kujua: nyinyi mnaopima modeli hizi, mnapima nini? Mtihani wenu una saa ndani yake?

Mwanafunzi wa kompyuta, Ubungo

Umegusa penyewe, mzee wangu. Vipimo vingi vya Kiswahili ninavyovifahamu vimetafsiriwa kutoka Kiingereza, na sentensi zake zinahusu mambo ya kwingine. Kazi za wanajumuiya ya Masakhane, jumuiya ya watafiti wa lugha za Kiafrika katika kompyuta iliyoanza mwaka 2019, zimesaidia kwa kukusanya data zilizoandikwa na Waafrika wenyewe, pamoja na data ya kutambua majina ya watu na mahali ambayo Kiswahili kimo. Lakini mtihani wa saa sijauona. Nimeamua niuandike: saa za vyeti vya dawa, za tikiti za basi, za mialiko ya arusi, za futari, na "usiku wa Ijumaa" wa mwalimu uwemo. Kila swali litaulizwa kwa njia mbili, mara moja kwa kutafsiri kutoka Kiingereza na mara moja kwa Kiswahili kitupu, ili tuone kama kosa linazaliwa wakati wa kuvuka au limo hata pasipo kuvuka. Mwalimu na mkalimani, nitawaomba mnikosoe.

Muuza dawa, Kariakoo

Nawashukuru wote, na mwanafunzi, vyeti vya mfano nitakuletea mwenyewe, vikiwa vimefutwa majina ya wagonjwa.

Nimeacha kuipa programu kazi ya saa. Inanisaidia bado kwa maelezo ya madhara ya dawa na namna ya kuihifadhi, ambayo nayasoma mstari kwa mstari, lakini saa naziandika kwa mkono mbele ya mteja, kisha anarudia, kama alivyoshauri muuguzi. Jumamosi bibi wa Buguruni alikuja kuchukua dawa ya presha, safari hii mjukuu wake akiwa naye. Nilimwuliza anakunywa chai saa ngapi, na usiku huwa anafanya nini kabla ya kulala. Akaniambia andika hivi, nami nikaandika kama alivyotamka: "Kimoja asubuhi saa mbili, nikishamaliza chai. Kimoja usiku saa mbili, taarifa ya habari inapoanza." Mjukuu akaisoma karatasi kwa sauti, bibi akatikisa kichwa kukubali, akaikunja mara nne na kuitia kwenye pindo la khanga.